DUKA LA VITABU LIMEKWENDA WAPI?

Mhariri wetu alituomba tuandike juu ya jambo tunaloliona kila siku pasipo kulichunguza. Mimi nimechagua jambo ambalo siku hizi hatulioni kabisa, na pengine ndiyo sababu hatulichunguzi, nalo ni duka la vitabu. Sizungumzii duka linalouza madaftari, kalamu, rangi ya viatu na soksi za shule, huku vitabu vinne vimefungiwa nyuma ya kioo. Hayo tunayo Ukunda, tunayo Kwale mjini, na Msambweni hatuyakosi. Nazungumzia duka ambalo mtu huingia hana jina la kitabu kichwani, akazunguka kwenye rafu, akafunua hiki, akarudisha kile, kisha akatoka na kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyemwagiza.

Maduka ya namna hiyo yalikuwapo katika nchi hii, na machache yapo hata leo. Yalikua ndani ya majumba makubwa ya biashara, yakatoa matawi, kisha yakaanza kusinyaa. Ukiwauliza watu sababu, wengi watakwambia ni simu. Ati vijana hawasomi tena, wamezama kwenye simu. Nimesikia maneno hayo kwenye baraza, kwenye matatu, hata kwenye gwaride la Jumatatu. Mimi sikubaliani nayo. Simu ilipofika ilimkuta mgonjwa yuko kitandani zamani. Ugonjwa wenyewe ulianzia kwingine, na ili tuuelewe yafaa kwanza tujue mgonjwa alikuwa akila nini siku za uzima wake.

Tuanzie Nairobi, maana huko ndiko chanzo. Mwaka 1964, uhuru wetu ukiwa mchanga, lilifunguliwa duka liitwalo Text Book Centre katika mtaa wa Kijabe. Jina hilo msilipite haraka haraka. Kiswahili chake ni kituo cha vitabu vya kiada, yaani vile vya kusomea darasani. Shule zilikuwa zikifunguliwa kila pembe, watoto wakiingia kwa maelfu, na mtoto akiingia darasani ahitaji kitabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara. Mwaka 1983 likafunguliwa jumba la Sarit Centre huko Westlands, maduka mengi chini ya paa moja, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kwetu. Familia zilizokuwa na Text Book Centre ndizo zilizokuwa na mkono katika kulijenga jumba hilo, na humo ndani duka lao la vitabu likapata tawi kubwa. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba Kenya, historia ya jumba la maduka na historia ya duka la vitabu ni watoto wa nyumba moja.

Sasa, kwa nini vitabu viuzwe ndani ya jumba kama lile na kodi yake ni kali? Jibu ni miguu. Jumba la maduka huwekwa supamaketi kubwa mahali pa heshima, kwa sababu kila mtu ahitaji unga, sukari na sabuni. Mama amekuja kununua mafuta ya kupikia. Njiani apita mbele ya duka la viatu, la simu, la vitabu. Mtoto amvuta mkono. Hakutoka nyumbani kwa ajili ya kitabu, lakini arudi nacho. Maduka madogo yote ya jumba hilo huishi kwa miguu iliyoletwa na supamaketi. Shika jambo hili, tutalirudia huko mbele, kwa sababu ndilo lililowaponza wengi.

Mtindo huu hatukuubuni sisi. Huko Marekani jumba la kwanza kubwa lililoezekwa lote, la Southdale katika mji wa Edina, lilifunguliwa mwaka 1956, na vitabu vikafuata miguu huko. Waldenbooks, walioanza mwaka 1933 kwa kukodisha vitabu, walifungua duka ndani ya jumba la biashara mjini Pittsburgh mwaka 1962. B. Dalton wakaingia mwaka 1966, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa na karibu maduka 800. Kisha wakubwa wakawameza: Kmart ikanunua Waldenbooks mwaka 1984, Barnes & Noble ikanunua B. Dalton miaka miwili baadaye. Yakaja maduka makubwa zaidi, yenye viti na kahawa, yakayamaliza yale madogo ya ndani ya majumba. Mwaka 1995 Amazon wakaanza kuuza vitabu kwa intaneti, nao wakayageukia yale makubwa. Borders, waliokuwa miongoni mwa wakubwa wenyewe, walifunga milango mwaka 2011. Hadithi yao ni ya papa kumla dagaa na nyangumi kumla papa.

Yetu si hiyo. Na hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa husoma habari za Marekani kisha wakazivisha kanzu za huku. Duka la kule lilikula kwa riwaya zilizovuma na vitabu vya mapishi. Duka la huku lilikula kwa shule.

Tazama miaka. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 uliingia, na kwa mfumo mpya vitabu vya zamani vikawa havifai. Hadi miaka hiyo serikali ilikuwa na mpango wake wa kugawa vitabu na vifaa shuleni. Mpango huo ulikwisha nguvu, na sera ya kugawana gharama ilipokuja mwaka 1988, mzigo wa vitabu ukatua begani mwa mzazi. Orodha ya vitabu ikawa inatoka shuleni kama waranti. Mzazi ashike orodha, aende dukani. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wenye maduka waliogopa, lakini wakaja kucheka: serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na kati ya hizo 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea. Fedha hizo zilipelekwa shuleni, na shule ikachagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa, ikanunua madukani. Badala ya wazazi hamsini wanaobishana bei, mwenye duka alipata mwalimu mkuu mmoja mwenye hundi.

Ili nisiandike mambo ya kusikia tu, nilikwenda kumwona mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa na duka la vitabu na vifaa vya shule pale Ukunda kwa miaka mingi, si duka la jumba kubwa, la kawaida tu lenye mlango wa bati. Lakini biashara hiyo aliijua nje ndani, na mzigo wake aliufuata Mombasa, kwa kuvuka feri. Nilimpigia shikamoo, akaitikia, akaniketisha kwenye mkeka.

"Sikiza mjomba," akanambia, "Januari ndiyo iliyokuwa Idi yetu. Wiki tatu zile mimi siketi. Watu wamejaa hadi barazani, kila mmoja na orodha yake, napanda ngazi nashuka ngazi. Januari ikimalizika, kodi ya mwaka mzima imo ndani ya kopo. Miezi iliyobaki nauza kalamu, nangoja Januari nyengine."

Nikamwuliza, "Na vile vya hadithi, mjomba?"

"Vya hadithi nilikuwa naweka kwa kuwa navipenda. Na nilikuwa naweza kuviweka kwa sababu ya vile vya shule."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka msomaji aondoke nayo. Hebu tuyapigie hesabu. Mchapishaji humwachia muuzaji sehemu ya bei, tuseme robo hivi. Kitabu cha shilingi 400 humwachia mwenye duka shilingi 100, na katika hizo mia kuna kodi ya chumba, mshahara wa kijana wa kaunta, stima, leseni na nauli ya mzigo. Kitabu cha Hisabati huingia dukani Jumatatu na Ijumaa kimekwisha. Riwaya huweza kukaa miaka miwili kwenye rafu, ikigeuka rangi ukingoni, na muda wote huo inakalia nafasi inayolipiwa kodi. Kwa hiyo kitabu cha kiada ndicho kilichokuwa kikimlipia riwaya kodi ya nyumba. Riwaya, diwani, tamthilia isiyotahiniwa, kitabu cha safari, kitabu cha ndege na samaki, vyote hivyo vilikuwa wapangaji wasiolipa, wamekaa kwa hisani ya Hisabati na Sayansi.

Hata riwaya zenyewe zilizouzika haraka ni zile za mtihani. Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora kilipokuwa kitabu teule, kilinunuliwa na shule baada ya shule. Mtihani ulipohamia kwa Chozi la Heri cha Assumpta Matei mwaka 2018, mwenye duka aliyebakiwa na katoni za Kidagaa alikuwa na kilio chake. Mwaka 2023 zamu ikawa ya Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Mjomba asema katoni moja ya vitabu teule vilivyopitwa aliigawa kwa majirani. "Nyengine," akaongeza huku akicheka, "nadhani zimefungiwa bajia."

Basi wakati wa neema, Nairobi ilitanuka kwa majumba ya biashara: Village Market mwaka 1995, Westgate 2007, Garden City 2015, Two Rivers 2017, na mengine kati yake. Text Book Centre ikafungua matawi katika kadhaa ya majumba hayo. Yaya Centre kulikuwa na Bookstop, duka lililosifiwa na wasomaji hasa, wale wa kuomba kitabu kwa jina la mwandishi. Majirani nao hawakulala: Kampala walikuwa na Aristoc ndani ya Garden City yao, Dar es Salaam walikuwa na A Novel Idea pale Slipway. Kwetu Mombasa, Bahari Book Centre ilikuwa Moi Avenue, na Nyerere Avenue, ndani ya Nakumatt, kulikuwa na Books First, duka la vitabu lenye mkahawa ndani yake. Ulipanda kutoka feri, ukatembea kidogo, ukaweza kuketi na chai na kitabu. Wazee wetu wa Kusini waliokwenda mjini kwa shughuli za ofisi wamenihadithia habari za hapo kama watu wanaosimulia arusi.

Nimeshalitaja jina la feri, na hapo ndipo kwetu Kwale tunapoingia katika habari hii. Mengi ya maduka haya hayakuwahi kuvuka Likoni. Fikiria mtoto wa Msambweni. Hadi feri ni zaidi ya kilomita 40 za matatu. Feri yenyewe mwenda kwa miguu halipi, lakini hulipa kwa jua na kwa saa. Akivuka, bado yuko kisiwani. Jumba la City Mall liko Nyali, ng'ambo ya daraja jingine. Kwa nauli ya kwenda na kurudi angeweza kununua kitabu, na akishalipa nauli hiyo hana tena fedha za kitabu. Duka la vitabu kwetu lilikuwa kitu cha kupelekwa na mzazi mara moja kwa mwaka, ikiwa mambo yamekaa vizuri.

Lililokuja karibu nasi ni supamaketi. Nakumatt ilipokuwa na tawi Diani, ndani yake kulikuwa na rafu za vitabu na magazeti. Dada yangu mkubwa asema alikuwa akisimama pale akisoma kurasa za kitabu kilekile kila alipotumwa maziwa, hadi mlinzi akamzoea. Pale pale Diani kulikuwa na vitabu vya namna nyingine, vile vya madukani mwa mahoteli: picha za simba na tembo, bei zake za mgeni. Na vile ambavyo watalii huviacha vyumbani wanapoondoka, riwaya nene za Kijerumani na Kiingereza. Yeyote mwenye ami au shangazi aliyefanya kazi hotelini ameviona nyumbani vikiegemeza dirisha. Nyumbani kwetu kipo kimoja cha Kijerumani, kurasa mia sita na zaidi, hakuna aliyewahi kujua kinasema nini. Ajabu ya pwani yetu ni kwamba mgeni wa wiki mbili huacha vitabu vingi kuliko mwenyeji awezavyo kununua kwa mwaka.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Hakukuja kwa pigo moja.

La kwanza lilikuwa kodi. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu. Kitabu cha shilingi 500 kikawa 580. Kwa mtu wa mshahara mkubwa hiyo 80 ni nauli ya bodaboda. Kwa mzazi wa watoto wanne wenye orodha nne, hesabu ni nyingine. Wakati huohuo fotokopi na vitabu vya kuibia chapa vilizidi sokoni, kwa kuwa mwizi hamlipi mwandishi wala hamlipi serikali.

La pili ni ile miguu niliyowaambia mshike. Nakumatt, jina ambalo asili yake ni Nakuru Mattresses, maana walianza kwa kuuza magodoro, ilikuwa imefika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Ilijengwa kwa mikopo, na mwaka 2017 rafu zake zikaanza kuwa tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe; matawi sita ya mwisho yakachukuliwa na Naivas. Kabla yake Uchumi ilikuwa imeanguka mwaka 2006, ikainuka, ikaanguka tena. Baada yake Tuskys ikafuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 2020. Supamaketi kubwa ikifa, jumba zima hupoa kama jiko lililomwagiwa maji. Mama hapiti tena mbele ya duka la vitabu kwa sababu hakuna unga wa kumleta. Tawi la Diani nalo lilikwenda na kampuni yake. Supamaketi nyingine zimekuja kwetu tangu hapo, na nimezipitia mwenyewe nikiwa na daftari hili mkononi. Niliona vitabu vya watoto vya kupaka rangi, kamusi, vitabu vya marudio. Riwaya ya Kiswahili sikuiona hata moja.

La tatu ndilo lililovunja mgongo. Hebu funua begi lako, utoe kitabu chochote cha kiada, utazame jalada lake. Utakuta maneno kwamba ni mali ya Serikali ya Kenya na hakiuzwi. Maneno hayo mafupi ndiyo cheti cha kifo cha maduka mengi. Kuanzia Januari 2018 serikali iliacha kupeleka shuleni fedha za vitabu vya kiada. Ikawa yanunua vitabu vyenyewe kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shule kwa shule kwa malori. Muuzaji aliondolewa katikati. Chama cha wauza vitabu kilipiga kelele, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Nilimwuliza mjomba siku hiyo ya Januari ilikuwaje. Akanyamaza kidogo. Kisha akanambia kwamba alikuwa ameshachukua mzigo Disemba, kwa deni, kama kila mwaka. Alifungua mlango saa moja asubuhi. Walikuja watu wa kalamu na rula. Alihangaika hadi mwaka 2019, akafunga. Chumba kile sasa wanatengeneza simu, na hapo nakubali kwamba simu imerithi, ila kuua haikuua.

Yaliyofuata yalikuwa chumvi juu ya kidonda. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulianza rasmi kwa gredi za chini, ukipanda gredi moja kila mwaka na kuviacha nyuma vitabu vya zamani. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na vitabu vya marudio ya KCPE, ambavyo mwenye duka alikuwa bado avitegemea, vikakosa mteja kwa siku moja.

Je, serikali ilikosea? Hapa walimu wangu wataniwia radhi, maana nimebishana juu ya hili katika chama na hatukupatana. Mimi naona kwa upande wa kitabu cha kiada haikukosea. Mama yangu alisoma Fizikia wanafunzi watano kitabu kimoja, na aliyekaa ukingoni alisoma herufi zimepinda. Mimi ninacho changu. Serikali ikinunua kwa mamilioni hupata bei ambayo mzazi mmoja kaunta hawezi kuiota. Tena ile njia ya zamani haikuwa safi. Mwaka 2009 nchi nzima ilisikia kashfa ya fedha za elimu ya msingi zilizoliwa. Wachapishaji nao hawakuneemeka moja kwa moja, wamelalamika hadharani kwamba serikali huchelewa kuwalipa. Lakini mtoto wa Lunga Lunga amepata kitabu sawa na cha mtoto wa Westlands, na hilo si dogo.

Ninacholalamikia ni kwamba aliyepiga hesabu hiyo aliiona Hisabati, hakumwona mpangaji wake. Kitabu cha kiada kilipotolewa dukani, riwaya ilibaki bila wa kuilipia kodi, na hakuna aliyeuliza itahamia wapi. Duka kubwa la Nairobi lina njia ya kujinusuru. Text Book Centre ipo hadi leo, na ukiingia utakuta mabegi, kompyuta, vitu vya kuchezea watoto, ala za muziki, na vitabu vimo pia; yauza hata kwa intaneti. Duka la Ukunda halina ala za muziki za kuuza. Ndiyo maana nasema hasara hii haikugawanywa sawa. Nairobi ilipoteza matawi. Sisi tulipoteza rafu.

Na rafu, ndugu msomaji, ina kazi ambayo lori la serikali haliwezi kuifanya. Lori huleta kitabu kilichochaguliwa. Tangu darasa la kwanza hadi nilipofika kidato cha nne, karibu kila kitabu nilichoshika kilichaguliwa na mtu nisiyemjua, nami nikatahiniwa. Vile nilivyochagua mwenyewe navihesabu kwa vidole vya mikono miwili na vidole vinabaki. Nimewauliza wenzangu ishirini na mmoja wa chama chetu swali hilohilo. Wanne tu waliwahi kuingia katika duka la vitabu la kuzunguka rafu. Tisa hawakujua riwaya mpya ya Kiswahili huuzwa wapi. Hawa ndio wanachama wa Chama cha Kiswahili. Sikuthubutu kuwauliza wa klabu ya mpira.

Ipo njia, na sasa niieleze jinsi inavyokwenda, kwa kuwa wengi wameniuliza. Nairobi vitabu vya mitumba huuzwa chini, kando ya njia, na wenyewe hupaita "inama", kwa kuwa mnunuzi ainame ndipo aone. Hiyo yataka uwe huko. Yapo pia maduka yanayouza kwa simu na intaneti, kama Nuria, ambalo limejipatia jina kwa kuwauzia waandishi wanaojichapishia wenyewe. Wawatumia jina la kitabu, walipa kwa M-Pesa, nacho chaja kwa basi hadi Mombasa au hadi Ukunda, ukakichukue ofisini kwa kitambulisho. Kitabu kimoja chatumiwa kwa gharama ya karibu nusu ya bei yake. Vitabu kumi katika kifurushi kimoja, gharama hiyo yagawanyika hadi haionekani. Hii ndiyo hesabu ya zamani ya mjomba, isipokuwa sasa anayebeba mzigo wa riwaya ni riwaya wenzake. Kwale mjini nako kuna maktaba ya umma, na walio karibu waende. Kusoma humo hakuhitaji nauli ya feri.

Muhula uliopita chama chetu kilichangisha, kila mwanachama alichokuwa nacho, tukaagiza kifurushi kimoja. Tulipatana kwamba kitabu chochote kilicho katika orodha ya mtihani kisiagizwe. Mabishano ya kuchagua yalichukua Ijumaa tatu. Mmoja alitaka hadithi za upelelezi, mwingine mashairi, mwingine alisimama kidete kwamba bila kitabu cha samaki wa bahari yetu yeye hatoi hata senti, na akapata. Vitabu vilikuja kumi na viwili. Viko ndani ya sanduku la bati katika stoo ya maktaba, ufunguo anao mlezi wa chama. Hufunguliwa Ijumaa baada ya michezo, na asiye mwanachama aruhusiwa pia, mradi aandike jina lake daftarini. Kile cha samaki kwa sasa hakipo, kina watu sita wanaokingoja.